Ngoma za Fundi Viatu, Kutoka Kushoto

Mwaka huu nimekaa mbele ya kompyuta siku kumi na nne nikihangaikia mahali pa kuandika jina la Shangazi, na huyo Shangazi ni toazi la shaba lenye ufa. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba hasira iliyomo humu ina asili yake.

Mwenye Shangazi ni rafiki yangu, fundi viatu, mtu tuliyemzoea kwa jina la Kishindo. Jina alilopewa na wazazi wake analijua yeye na karani wa kliniki. Alianza kugonga misumari akiwa na miaka kumi na mitano, katika kibanda cha baba yake mkubwa, na alikuwa na tabia moja iliyowakera majirani: hakuweza kugonga msumari kimya kimya. Misumari minne ya kisigino aliigonga kwa mwendo, mmoja mzito, mmoja mwepesi, miwili ya haraka, kisha akatulia kidogo kama anayesubiri kujibiwa. Siku moja akaja mtu mwenye kiatu kilichoachama kwa mbele. Alikuwa mpiga tarumbeta, kiongozi wa bendi yetu. Alisimama mlangoni mpaka kisigino kikaisha, ndipo akasema, "Kijana, Jumamosi njoo ukumbini. Na kiatu changu njoo nacho."

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakipata kazi. Hakuna aliyejaza fomu.

Mimi katika bendi ile nilikuwa fundi wa spika. Shule niliishia darasa la nne, na umeme nilijifunza katika vitabu vilivyokosa majalada, nikirudia ukurasa mmoja mara kumi mpaka maneno yalegee. Sanduku la spika nililitengeneza mwenyewe kwa mbao, zito kama jeneza, na kila dansi nililiweka mahali pale pale: mkono wa kushoto wa Kishindo. Nililiweka huko ili liwe mbali na ngoma yake nene ya sakafuni iliyokaa kulia, kwa sababu likiwa karibu nayo ngoma hiyo ilikuwa ikinguruma hata kabla ya kupigwa. Jambo hili dogo naomba likumbukwe.

Tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba kimoja, tukivuta pumzi pamoja. Mtu akikosea, wenzake kumi walimgeukia, na macho yale ishirini yalikuwa shule tosha. Leo mtu mmoja anakaa peke yake, anabonyeza kidole, na kumi wengine wanatoka ndani ya sanduku wakiwa hawajawahi kukosea maishani mwao.

Kishindo alipiga vyombo saba, na kila kimoja kilikuwa na jina la mtu. Ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu alikuwa Babu. Ngoma ndogo yenye nyaya kwa chini, ile inayolia kwa ukali kama mtu aliyekatizwa maneno, alikuwa Mchokozi. Zile mbili zilizokaa mgongoni kwa Babu walikuwa watoto, Kwanza na Pili. Ile nene ya sakafuni alikuwa Mjomba, maana hasemi sana, lakini akisema kikao kimekwisha. Toazi kubwa la kulia alikuwa Shangazi, kwa kuwa husimulia tangu shughuli inaanza hadi inakwisha bila kumeza mate. Na yale matoazi mawili yaliyolaliana, yanayofumba na kufumbua kwa mguu wa kushoto, waliitwa Wifi. Jina hilo alilitoa marehemu mkewe. "Hafungi mdomo mpaka umkanyage," alisema, na dada yake Kishindo alikuwa amekaa pale pale.

Majina haya hayakuwa mchezo wa kupoteza wakati tu. Kiongozi wetu hakujua kusoma nota, wala hakuna aliyejua. Alisema, "Beti la pili mnyamazishe Wifi, umwachie Shangazi," na bendi nzima ikaelewa. Majina yale ndiyo yaliyokuwa kitabu chetu.

Ukumbi ule sasa ni ghala la magodoro. Niliwahi kuingia humo nikakohoa, na kikohozi changu hakikunirudia. Magodoro yalikimeza. Wenzetu nao wametangulia mmoja baada ya mwingine, tukabaki wawili: yeye kibandani kwake na mimi katika karakana yangu ya redio, ambamo watu siku hizi huingia kuuliza kama nauza chaja.

Miaka miwili iliyopita mikono ya Kishindo ilianza kutetemeka. Hilo alilichukulia kama mvua, akavaa miwani minene na kushika nyundo karibu na kichwa. Kisha mteja mmoja akarudi na jozi ya viatu, akaviweka juu ya benchi. Soli zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Kishindo alivitazama, akacheka, akazifumua. Wiki ileile alipotea njia ya kurudi nyumbani, njia aliyoipita miaka arobaini. Daktari akamwambia binti yake ukweli, naye Kishindo akausikia kwa sababu alikuwa amekaa nje ya mlango na hakuna aliyekumbuka kuufunga. Kumbukumbu ingeondoka kidogo kidogo, alisema daktari, na hakuna ajuaye itaanza na kipi.

Siku hiyo akaja karakanani kwangu. Aliketi juu ya televisheni mbovu, akasema, "Fundi, nataka kuutoa wimbo wa kufungia."

Wimbo wa kufungia ndio tuliomalizia kila dansi, watu wakitafuta viatu vyao chini ya viti. Hauna maneno. Kwa dakika nzima ni ngoma tupu, zinapanda kama mtu anayekwea ngazi na mzigo, ndipo tarumbeta inapoingia. Nyimbo zetu nyingine zilirekodiwa, lakini ule wa kufungia siku ya kurekodi muda ulikwisha kabla hatujaufikia, tukaambiwa tutarudi. Hatukurudi. Wapiga tarumbeta wote wamekufa. Ngoma za dakika ile zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa ambacho daktari alishakitolea taarifa.

"Utaupigaje na mikono hiyo?" nikamuuliza.

"Binti yangu anasema sihitaji mikono. Nahitaji kutaja tu."

Binti yake ana studio, chumba nyuma ya duka la kutolea nakala. Anarekodi kwaya na matangazo ya madukani. Ukutani amebandika trei za mayai, na juu yake picha ya bendi yetu, yenye vumbi, sote kumi na mmoja tukiwa jukwaani na ngoma zikionekana zote. Yeye mwenyewe ni mama wa watu wazima sasa, lakini mimi namkumbuka kwenye madansi ya mchana, Jumapili, watoto walipokuwa wakiruhusiwa. Alikaa mbele kabisa juu ya kreti la soda, akimkodolea macho baba yake mpaka shingo ikamuuma. Babaye humwita Mama, kwa kuwa amerithi jina la nyanya yake. Mimi ananiita Baba Mdogo, na humo ndani ndiye mtu pekee anayeniheshimu bila kunicheka. Au ananicheka nikishaondoka.

Mpango wake ulikuwa huu. Wangezitoa zile ngoma katika mashuka zilimolala, wazipange studioni, na Kishindo apige kila moja peke yake mpaka itoke sauti safi. Kompyuta ingeziweka sauti hizo saba, kila moja katika kitufe chake. Baada ya hapo baba angekaa kwenye kiti na kusema, hapa Babu, hapa Mchokozi, naye binti angeweka alama kwenye skrini, na kompyuta ingepiga bila kutetemeka.

Kupiga kulichukua siku nzima. "Kutoka kushoto, Baba, moja moja," binti akasema, na Kishindo, amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akaanza na Wifi kushoto na kumalizia na Mjomba kulia. Kila chombo kilihitaji mapigo kama ishirini kupata moja lisilo na mtikisiko. Jasho lilimtiririka. Kamba ya kukanyagia Babu, ya ngozi ya kiatu, aliyoishona mwenyewe kabla binti yake hajazaliwa, haikulegea hata kidogo. Jioni ngoma zikafungwa tena katika mashuka na kurudishwa kibandani, kwa sababu kesho yake kulikuwa na kwaya na chumba kile hakitoshi watu na ngoma kwa pamoja.

Sasa likaja suala la majina, na hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka.

Ukifungua ile programu, upande wa kushoto wa skrini kuna kinanda kimesimamishwa wima kama ngazi. Sijui ni nani duniani anayepiga kinanda kilichosimama. Kila kitufe kina namba, na sauti za Kishindo zilikuwa zimepangwa humo kuanzia thelathini na sita.

"Kinanda kinafanya nini kwenye ngoma zangu?" Kishindo akauliza.

"Ndivyo kompyuta inavyoelewa, Baba. Kila ngoma imekaa kwenye kitufe."

"Babu yuko wapi?"

Binti akahesabu kwa kidole. "Thelathini na tisa."

"Miaka yote hiyo amenibeba mgongoni, leo ni thelathini na tisa."

"Ndiyo maana tunaandika majina, Baba. Tukishaandika, namba hutaziona tena."

Alituonyesha kwamba ndani yake mna orodha iliyokwisha kuandikwa, ya majina wanayotumia watu wote wa kazi hiyo. Alimsomea moja, kisha la pili. Kishindo akainua mkono. "Huyo simjui. Na huyo pia sijawahi kukaa naye."

Basi binti akafungua orodha tupu ili aandike majina ya baba yake. Yalikuwa majina saba, na mimi nilidhani tungemaliza kabla chai haijapoa. Alipofika la tano umeme ukakatika, mashine ikazima na kila kitu kikapotea kwa kuwa hakikuwa kimehifadhiwa. Nikamwambia aandike kwanza kwenye karatasi. Akasema, "Baba Mdogo, hapa hatutumii karatasi." Umeme uliporudi akaanza upya, na safari hii programu ikagoma kupokea Mtoto wa Kwanza kwa sababu nafasi ilikuwa fupi. Ikaandika Mtoto wa Kwa, ikaishia hapo. Ndivyo watoto wale walivyobaki Kwanza na Pili bila ubini.

Spika za studio siku hiyo zilikuwa mezani kwangu, nimezifungua, moja ilikuwa inanuka moshi. Kwa hiyo majina yaliandikwa kimya kimya, bila sauti. Na kuna jambo jingine alilolifanya binti, ambalo wakati ule niliona ni la huruma. Hakumwambia baba yake ataje majina kwa kichwa. Aliitoa ile picha ukutani, akaipangusa kwa kanga, akaiweka mbele yake.

"Nionyeshe hapa, Baba. Kutoka kushoto kwenda kulia."

Kishindo akanitazama kidogo, kisha akainama kwenye picha. Akaweka kidole upande wa kushoto na kutaja, binti akiandika, mpaka kidole kikafika mwisho. Mimi nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kukubali kila jina. Nilimwona anavyotaja bila kusita nikafurahi, nikajiona shahidi wa jambo jema.

Siku ya tatu nikaleta spika. Binti alitakiwa kwenda kuchukua maikrofoni zake kwa watu aliowakodisha, akatuonyesha pa kubonyeza, akatuacha wazee wawili na mashine.

"Anza na Babu," Kishindo akasema.

Nikabonyeza palipoandikwa Babu. Babu akapiga, mzito, kifuani. Kishindo akafumba macho.

"Mchokozi."

Nikabonyeza Mchokozi. Likalia toazi, refu, linaloenea chumba kizima. Ni Shangazi, na ufa wake.

"Umekosea mstari," akasema.

"Sijakosea. Tazama mwenyewe."

"Fundi, wewe redio ukiifungua hubaki na skrubu tatu za ziada. Bonyeza tena."

Nikabonyeza tena, Shangazi akasimulia tena. Nikabonyeza palipoandikwa Shangazi, Mchokozi akafoka. Nikamjaribu Mjomba, likatoka tsk, kavu, la Wifi. Kwanza akaitika kwa sauti ya Pili. Nilizidi kubonyeza, nikidhani mashine itaona haya. Nilipogeuka, Kishindo alikuwa amesimama, ameshika kofia yake.

"Mimi ndiye niliyetaja?" akaniuliza.

Nikainamia waya za spika.

"Mimi ndiye niliyetaja, Fundi. Kwa kidole changu." Akavaa kofia. "Nilidhani itaanza na mambo mengine. Majina ya watu wa dukani, njia. Sikudhani itawaanza hawa."

"Mashine mbovu hii."

"Soli mbili za kushoto nazo zilishonwa na mashine?" Akafika mlangoni. "Usimwambie binti yangu. Mwambie nimechoka." Nikaahidi.

Akawa harudi. Nilimwendea kibandani kesho yake na keshokutwa yake. Alikuwa amekaa na kiatu pajani, hagongi. Nikisema habari ya wimbo, anauliza habari ya mguu wangu. Siku ya tano nikamkuta amewapa majirani mashuka yaliyofunika ngoma. Zenyewe zilikuwa uchi kwenye kona ya chumba cha nyuma, na juu ya Mjomba ameweka ndoo.

Ndoo ile ndiyo iliyonitoa mbio. Nilifika studioni nikihema, nikamwambia binti kila kitu, ahadi au si ahadi. Nikamwambia mashine yake imechanganya majina ya watu na kumvunja moyo babaye.

"Baba Mdogo, kompyuta haina macho wala masikio," akasema. "Inaandika unachoiambia."

"Basi tumeiambia uongo."

"Baba ndiye aliyetaja."

"Alitaja sawasawa. Nilikuwa hapa."

"Kama alitaja sawasawa zingelia sawasawa." Akawa anakunja waya ambao ulikwisha kukunjwa. "Wiki iliyopita aliniuliza mama amekwenda wapi. Mara mbili. Mimi nimeshajiandaa. Ndiyo maana nilimpa picha, asijisikie vibaya akikwama. Tuweke yale majina ya kawaida, kila anayefanya kazi hii anayajua, halafu tuone anaweza kufika wapi."

Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtu mzima hamwambii mtoto wa mwenzake. Ili nisiyaseme nilimpa mgongo, nikajikuta natazamana na ile picha, imerudishwa ukutani. Niliwatazama wenzangu. Nikajitafuta, nikajiona, mwembamba, nimeegemea sanduku langu la spika.

Sanduku lilikuwa upande wa kulia.

Nilisogea karibu. Maisha yangu yote sikuwahi kuliweka sanduku lile kulia. Nililiweka kushoto kwa Kishindo, mbali na Mjomba, kila dansi. Na kwenye picha lilikuwa kulia, limebanana na Wifi, na Mjomba yuko ng'ambo kule, kushoto, peke yake na unene wake.

Picha inatazama kwa mbele. Sauti zilipigwa na mtu aliyekaa nyuma. Kushoto kwa kigoda ni kulia kwa picha. Kishindo alikuwa ametaja kila mmoja kwa jina lake, sawasawa, kama nilivyosema. Orodha nzima ilikuwa imegeuzwa mgongo, na Babu peke yake ndiye aliyebaki mahali pake, kwa kuwa alikaa katikati.

Na mimi nilikuwepo. Mtu niliyefungua redio kwa nyuma miaka hamsini, ninayejua kwamba kitufe cha kushoto kwa mwenye nyumba ni cha kulia kwa fundi, nilikaa pale natikisa kichwa kama mjusi.

Nilipomwonyesha binti, alisimama mbele ya picha. Alinyoosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kama mtoto anayefundishwa.

"Mimi siku zote nilimwona kwa mbele," akasema.

Tulikwenda kibandani pamoja. Kishindo alipotuona wawili alijua nimevunja ahadi, akaniangalia kwa jicho la kunifukuza.

"Mmekuja kunibembeleza," akasema. "Na chai mmeleta?"

Nilijua kwamba nikimweleza kwa maneno angedhani tumepanga hadithi njiani. Nikachukua viatu kwenye rafu yake, vya wateja, nikaviweka sakafuni mbele ya kigoda chake, nusu duara. Buti nene nikaliweka kushoto kwake, mwisho. Kisha kiatu cha kike cha kisigino kirefu, kisha kandambili, katikati nikaweka kiatu kikubwa kupita vyote, na kuendelea hivyo mpaka vikatimia saba.

"Hii ndiyo orodha ilivyo kwenye kompyuta," nikasema. "Buti ni Mjomba. Huyu Shangazi, Pili, Babu, Kwanza, Mchokozi, Wifi. Kaa, upige."

"Umerukwa na akili."

"Kaa, Baba," binti akasema.

Akakaa. Mguu wa kulia ukaenda wenyewe kwa Babu. Mkono wa kushoto ukashuka kumtafuta Mchokozi, ukakuta kiatu cha kisigino kirefu, ukasimama hewani. Alitazama viatu vyote, kimoja kimoja. Kisha akaviinamia, akachukua buti kwa kidole na gumba kama kitu kichafu.

"Nani amemleta Mjomba huku?" akasema. "Huyu aliyewapanga alisimama mbele ya jukwaa."

"Alisimama mbele ya picha," nikasema.

Alianza kuvihamisha, taratibu, mikono ikitetemeka, buti kulia, kisigino kirefu karibu nalo, mpaka ukoo wote ukakaa kama ulivyokaa siku zote. Alipomaliza alimwangalia binti yake, na nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Baba. Uliniambia kwa kidole."

"Uliiuliza picha. Mimi hukuniuliza." Akaanza kutaja, macho kayafumba, kila jina na pigo moja juu ya goti. "Wifi, Mchokozi, Kwanza, Babu, Pili, Shangazi, Mjomba. Tangu hujazaliwa. Hawa hata nikisahau mlango wa nyumba yangu nitawataja."

Binti akaenda chumba cha nyuma. Aliporudi alikuwa amebeba ile ndoo iliyokuwa juu ya Mjomba, akaenda kuiacha nje, chini ya bomba.

Mnadhani baada ya hapo mambo yalikwenda. Programu haikubali kugeuza orodha. Ilibidi kufuta kila jina na kuliandika upya, na nilipofuta Shangazi kwa mkono wangu ikafutika na sauti yake, ikabidi kuitafuta katika makabrasha ya humo ndani mpaka mchana. Kishindo akauliza pia habari ya Wifi anapofumbua mdomo, maana sauti aliyopiga ilikuwa ya kufumba tu, na kumbe ya kufumbua ni kitufe kingine na jina jingine. Ngoma zikaja tena studioni kwa ajili ya pigo moja. Mimi ndiye niliyezibeba.

Lakini siku ya kumi na nne wimbo ulianza. Kishindo alikaa ameshika magoti, anataja. "Babu. Acha. Babu, Mchokozi, watoto wote wawili wafuatane. Hapo Shangazi aanze." Binti anaweka alama, anamchezea kipande, yeye anakataa. "Babu wako anawahi. Babu ni mtu mzima, hufika akiwa amechelewa kidogo." Binti akamsogeza Babu, unywele mmoja mmoja, mpaka baba akasema, "Mwache hapo."

Walifika pale ngazi inapokaribia juu, kabla ya tarumbeta, na Kishindo akakwama. Alitaja, akafuta, akataja tena. Binti alinitazama, nami nikatazama dari, kwa sababu nilijua sote watatu tunaogopa kitu kimoja.

"Baada ya Pili mkono unakwenda wapi, Baba?" akauliza.

"Unakwenda hapa." Akanyoosha mkono kulia, nusu, ukarudi.

"Hapa wapi? Kwa Shangazi au kwa Mjomba?"

"Hapa. Ungekuwa umekaa ungejua." Akasimama. Ngoma zilikuwa bado zimepangwa, kwa ajili ya lile pigo la Wifi. "Njoo ukae."

"Baba, mimi sijui kupiga."

"Sijakwambia upige. Nimesema ukae."

Mimi nilisema kwamba mashine imewashwa, umeme haukawii kukatika, tuhifadhi kwanza. Hakuna aliyenisikia, kama kawaida ya siku hizi. Binti alizunguka nyuma ya ngoma, mahali ambapo hajawahi kukanyaga maishani mwake, akaketi juu ya kigoda cha baba yake. Aliweka mguu juu ya kamba ya ngozi. Aliangalia kushoto kwake, halafu kulia, na akakaa hivyo, akitutazama sisi wawili tuliosimama mbele, upande wake wa siku zote.

Kishindo akaenda ukutani, akaigeuza picha ile iangalie trei za mayai.

"Nitajie," akasema. "Kutoka kushoto."

"Wifi," binti akaanza.

Nikainama nikabonyeza pa kuhifadhi, mara mbili.